Jalala la Makombe Nyuma ya Nyumba Yetu

Harufu iliyokaa uani kwetu mwaka ule haikuwa na haki ya kuwepo pale. Johannesburg iko juu, mbali na bahari yoyote, na sisi wa mtaa wa Observatory tulizoea harufu zetu wenyewe: vumbi kavu la mwezi wa saba, moshi wa nyama inayochomwa Jumapili, maji ya sabuni yanayotiririka kutoka karai la mpangaji mmoja hadi mlangoni kwa mwenzake. Lakini kwa karibu mwezi mzima kona ya uani, kati ya bomba la maji na ukuta wa jirani, ilinuka kome. Baba yangu alikuwa akisafisha samaki kwenye mkahawa mmoja wa Fordsburg, na kila alipotoka zamu alirudi na ndoo yenye kifuniko, ndani yake makombe meusi ya kome walioliwa na wateja, mengine bado yamegandana na vipande vya kitunguu saumu. Aliyachemsha, akayasugua kwa brashi ya viatu, akayaanika juu ya bati. Harufu haikutoka. Wapangaji walilalamika, Mama akafunga madirisha, na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na moja, nilipita pale nimebana pua kwa vidole viwili. Watu walidhani ninaona kinyaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu, kwa sababu kilichomfanya Baba abebe ndoo ile hakikuwa ombi langu.

Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ina varanda mbele, na vyumba vyake vikubwa vimegawanywa kwa mbao ili waingie wapangaji wengi. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya nyuma. Wazazi wangu walitoka Tanga kabla sijazaliwa. Walizungumza Kiswahili wao kwa wao, wakanisemesha Kiswahili, nami nikawajibu kwa Kiingereza. Kuelewa nilielewa: njoo, kula, acha, nenda kaoge, na hata ugomvi wa shangazi zangu wa huko nyumbani, ambao Mama alimsimulia Baba kila mwisho wa juma. Kusema ndiko kulikonishinda. Nilipokuwa mdogo nilijaribu, Mama akacheka, si kwa ubaya, akanipa simu niwasemeshe ndugu zake, nao wakacheka mpaka wakakohoa. Tangu siku ile nikafunga mdomo. Baba naye alikuwa na Kiingereza cha kazini tu, cha kutaja bei na kuitikia bosi. Kwa hiyo kati yangu na yeye kulikuwa na mapenzi tele na maneno haba. Alinimenyea machungwa. Alinifunga kamba za viatu hata nilipoweza kujifunga mwenyewe. Asubuhi alinisubiri kwenye robot, yaani zile taa za barabara kubwa, mpaka nivuke. Lakini hatukuwahi kukaa tukazungumza, na mimi nikaamini kwamba baba wote wako hivyo.

Mwalimu wetu wa darasa la sita, Mwalimu Naledi, aliamini kwamba mtoto hajui kitu mpaka akijenge kwa mikono yake. Muhula ule tulisoma habari za watu wa kale walioishi kwenye pwani ya jangwa la Namib, karne nyingi kabla meli ya kwanza ya Wazungu haijaonekana huko. Mpaka leo nikifumba macho ninaweza kuwaona watu hao kuliko ninavyowaona majirani zangu wa sasa. Upande mmoja wao kuna bahari baridi, yenye mawimbi ya kuvunja mtu mbavu. Upande wa pili kuna mchanga usiokwisha, na mvua haiji. Kinachokuja ni ukungu. Asubuhi unatoka baharini, unalowesha mawe, mende wanainua migongo yao waunywe. Watu nao wanaweka maji yao ndani ya mayai ya mbuni yaliyotobolewa tundu dogo, wanaziba tundu kwa nyasi, wanayafukia mchangani mahali wanapopajua wao. Nyangumi akifa akatupwa ufukoni, wanakula nyama na mafuta yake siku nyingi, kisha wanasimamisha mbavu zake ziwe nguzo za vibanda, na juu yake wanatandaza ngozi za sili. Wanakula kome, wanatupa makombe palepale wanapokaa, mwaka baada ya mwaka, hata jalala linakuwa kilima. Mwalimu alisema kwamba karibu kila tunachojua juu yao tumekisoma kwenye takataka zao. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, nilifikiri juu ya pipa letu la takataka na yale ambayo mtu angeyajua kutuhusu.

Mwisho wa muhula palikuwa na siku ya wazazi, na darasa letu lilitakiwa kujenga kibanda cha watu hao kwenye ukumbi wa shule. Mbavu za nyangumi zilikuwa mabomba ya plastiki yaliyopindwa na kuviringishwa magazeti yenye gundi. Ngozi za sili zilikuwa magunia. Kila wanafunzi wawili walipewa kazi yao. Na mtoto mmoja, mmoja tu, angekaa mlangoni mwa kibanda akiwa amevaa gunia na shanga za maganda ya mayai, awaeleze wazazi maisha ya watu wale. Nafasi ile niliitaka mno. Sikuitaka kwa ajili ya alama. Mwalimu alisema wageni wataketi chini kwenye mkeka mbele ya kibanda na kusikiliza mpaka mwisho, na mimi nilimwona Baba, ameketi chini, hana ndoo wala brashi mkononi, ananisikiliza mimi. Kwamba asingeelewa nusu ya Kiingereza changu hilo sikulifikiria. Nilitaka aketi tu.

Nikapangwa na Solange. Kazi yetu ilikuwa chakula: jalala la makombe na matikiti ya nara, tunda la kichaka cha miiba cha jangwa lile. Solange alikuwa amefika kutoka Bukavu mwaka uliotangulia, akakaa na mama yake katika chumba cha pembeni ya varanda yetu. Mama yake alisuka nywele Yeoville, na nywele za Solange zilikuwa tangazo la biashara, kila juma mtindo mpya. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Darasani watoto walimwiga, na sitajifanya mwema, niliwahi kumwiga mimi pia. Nilipoona majina yetu yamewekwa pamoja nilifurahi kwa sababu ya hovyo: nilihesabu kwamba kati ya wawili sisi, atakayechaguliwa kusema mbele ya watu hawezi kuwa yeye.

Siku ya kwanza ya kupanga kazi tulikaa ngazini uani, madaftari magotini. Baba alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, amekaa kwenye kigoda anakata kucha. Mimi nilikuwa naeleza kwamba tutachora makombe kwenye karatasi ngumu, tuyakate, tuyapake rangi nyeusi. Solange alimgeukia Baba akamwambia, kwa Kiswahili cha kwao, "Papa Zuhura, kwenu si ni ku bahari? Ile bakome, munakuwaka munaikula?" Zuhura ni mimi, na kwao Bukavu kila baba wa rafiki ni papa wako, ndiyo heshima yao, lakini neno lile lilinichoma kabla hata swali halijaisha. Baba aliacha kukata kucha. Akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo hajaitwa siku nyingi. "Tunawala, mwanangu," akasema. "Tena mama yangu mimi ndiye aliyekuwa fundi wao. Maji yakitoka wakati wa bamvua, anakwenda mpaka kule mwisho, na kijiti chake cha chuma." Akasimama, akainama, akatuonyesha jinsi alivyokuwa akichokoa. Baba yangu, mtu ambaye nilimjua kwa mgongo ulioinamia sinki na viatu, alikuwa anazunguka uani anachokoa kome wa hewani, na Solange anacheka na kuuliza, na kila swali linaleta jibu refu kuliko lililotangulia. Waliwala wabichi au waliwachemsha? Nani aliwabeba? Makombe waliyatupa wapi? "Nyuma ya nyumba," Baba akasema. "Nyumba za kwetu zote zilikuwa na lundo lake. Ukitembea juu yake yanalia kwachu kwachu." Kesho yake akarudi na ndoo ya kwanza.

Nilisema mwanzoni kwamba nilikuwa na wivu, na huenda msomaji akadhani ni ule wivu mdogo wa mtoto aliyenyang'anywa kidoli. Hapana. Ulikuwa unaamka kabla yangu. Kwa majuma matatu Baba na Solange walisugua makombe pamoja, na Baba alimwambia mambo ambayo mimi, damu yake, sikuwahi kuyasikia, na hakunificha, mlango ulikuwa wazi, ningeweza kutoka nikakaa nao. Nilitoka mara moja. Baba alikuwa anaeleza kitu kwa haraka, maneno yake ya kwao yakipishana, na ndipo nilipogundua kwamba kile Kiswahili nilichojidai kukielewa chote kilikuwa cha njoo na kula. Kiswahili cha watu wanaosimuliana sikukifahamu. Nikauliza kwa Kiingereza walikuwa wanasema nini. Baba akatafuta neno, akakosa, akatabasamu akasema, "Shells," kisha akanipapasa kichwa. Nikarudi ndani.

Niliwaonea wivu hata wale watu wa jangwani. Niliufikiria mchana wao. Nilimfikiria msichana wa umri wangu anayetembea nyuma ya baba yake ufukoni, ukungu umetanda, kila mmoja ana kifurushi chake, na baba anasema jambo bila kugeuka, na msichana anajibu bila kufikiri. Hana shule ya lugha nyingine. Hana mpangaji wa pembeni ya varanda. Mwalimu alitufundisha kwamba vichaka vya nara, ile miiba isiyo na majani inayoshusha mizizi mpaka kwenye maji ya chini kabisa, kila kimoja kilikuwa cha ukoo fulani, na mtu wa ukoo mwingine hakuruhusiwa kuja kuchuma tu. Darasa liliona ni uchoyo. Mimi niliona ni sheria nzuri kupita zote nilizowahi kusikia. Nilitamani Baba awe na mpaka wa mawe uliomzunguka, na Solange ajue kwamba pale si kwao.

Matikiti ya nara hatukuweza kuyapata, Johannesburg hayauzwi. Solange akatoa wazo tena. Mwalimu alikuwa ameeleza kwamba watu wale walipika nyama ya tikiti mpaka mbegu zikajitenga, wakazichuja, wakazikausha wazile miezi ya njaa, na uji uliobaki wakaumwaga juu ya mchanga ukauke uwe mkate bapa. Solange akasema mama yake hufanya hivyohivyo kwa mbegu za maboga, wanaziita mbika. Akaleta mbegu kibakuli kizima. Akaleta na boga, wakalipika na Baba, wakaumwaga uji wake juu ya mchanga wa mafundi waliokuwa wakijenga jirani. Ulikauka ukawa kama ngozi. Nami nililetewa kipande nikionje. Kilikuwa na mchanga na utamu kidogo, na nilikitema kwa makusudi mbele yao wote wawili.

Ijumaa, siku moja kabla ya siku ya wazazi, Mama alikuwa kazini Sandton, Baba Fordsburg, Solange ameitwa na mama yake Yeoville. Makombe yalikuwa kwenye bati, mamia, yamepangwa kwa ukubwa, meusi kwa nje na ya buluu kwa ndani, yanang'aa. Yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililonitia kichaa, kwamba yalikuwa mazuri na yametoka mikononi mwao. Nikachukua mchi wa Mama wa kutwangia. Nilikusudia kuvunja machache tu, yaliyo juu, lakini la kwanza lilipolia chini ya mchi nilipata raha ambayo mpaka leo ninaionea aibu, na sikuacha mpaka mikono ikachoka. Saa kumi bati zima lilikuwa vigae. Nikausuuza mchi nikaurudisha kwenye kinu chake. Kisha nikakaa na kitabu cha hesabu mezani, nikisubiri msiba wao.

Baba alirudi wa kwanza. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona amesimama mbele ya bati, ndoo bado mkononi. Halafu akachuchumaa, akachota vigae kwa viganja vyote viwili, akaviachia vianguke, akachota tena. Solange alipoingia aliweka mikono kichwani. "Papa Zuhura! Nani amefanya hivi?" Baba akasema, bila kutazama dirishani, "Hakuna aliyefanya kitu, mwanangu. Si yanakanyagwa? Lundo la nyumbani halina kombe zima hata moja. Sisi ndio tulikosea, tuliyapanga kama vyombo vya wageni." Akaenda kwenye jiko la mkaa akaleta majivu. Akaleta miba ya samaki. Wakachukua kreti la mbao, wakaanza kutandaza: vigae, majivu, mchanga, miba, vigae tena, na Baba kila tabaka analo la kueleza, huu ni mwaka wa samaki wengi, huu ni mwaka wa dhiki, na Solange anaitikia. Wakaendelea mpaka Mama akaja kuwaita ndani. Mimi niliyataka maongezi yao yaishe, na kwa mikono yangu niliwapa alasiri nyingine nzima. Sijawahi kuadhibiwa vizuri namna ile.

Asubuhi ya Jumamosi Mwalimu Naledi alizunguka kreti letu mara mbili. Akapiga magoti. Akasema wanafunzi wengine wamemletea duka la mapambo, lakini hili ni jalala, hivi ndivyo mtu anavyolikuta akichimba, limevunjika na limechanganyika. Akauliza nani aliyejua. Nilifungua mdomo. Solange akaanza kueleza, kwa kile Kiingereza chake cha kuokoteza, miaka ya samaki na miaka ya dhiki, mikono yake ikionyesha kila tabaka, na nikaona uso wa Mwalimu ukibadilika. Alinisikiliza na mimi pia. Nilisema nilichokikariri, kwa ufasaha, bila kosa. Akanishukuru kwa adabu. Solange akavishwa gunia na shanga.

Baba alikuja amevaa shati lake la kuendea msikitini Ijumaa, ameomba ruhusa ya nusu siku. Akaketi kwenye mkeka, magoti juu, mikono imezunguka magoti, vilevile nilivyomwona kwenye mawazo yangu, mbele ya kibanda ambacho mlangoni mwake alikuwepo mtoto wa mwingine. Mimi nilisimama pembeni na bakuli la mbegu, kazi yangu ikiwa kuwagawia wageni waonje. Solange alianza kwa Kiingereza. Akakwama. Akamtazama Baba, na pale pale, mbele ya wazazi wa Kizulu na Kisotho na Kihindi, akaendelea kwa Kiswahili. Mwalimu hakumkatiza. Ukumbi ulitulia, kwa sababu mtu anayejua anachosema husikilizwa hata asipoeleweka.

Nami nilielewa. Majuma matatu ya kusikiliza kwa chuki nyuma ya dirisha yalikuwa yamenifundisha zaidi ya miaka kumi na moja ya njoo na kula. Alisema, "Mama anaenda ku bahari, maji inatoka. Mutoto wake hana nguvu ya kufika kule. Mama anamwacha pa muchanga, anamupa kombe moja mukononi, anamwambia: hii ikikauka, nitakuwa nimerudi." Akaeleza jinsi mtoto alivyokaa akilitazama kombe, na kila lilipokaribia kukauka alilitemea mate, kwa sababu aliogopa kwamba likikauka na mama hajarudi basi hatarudi tena. Wageni waliokuwa wakijua Kiswahili, walikuwa watatu au wanne, walicheka kwa huruma. Baba hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa. Na hapo nilijua kwamba mtoto yule hakuwa wa jangwani, na kwamba yule mama mwenye kijiti cha chuma alikuwa bibi yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa, ambaye jina lake tu nilikuwa nalijua. Nilikutana naye siku ile, kwa mdomo wa Solange, nimeshika bakuli la mbegu.

Tulirudi kwa miguu, Baba na mimi, Solange akiwa nyuma na mama yake. Tulipofika mahali kilima kinapoanza nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu ukumbini. Nikasema, "Baba. Makombe. Mimi nimevunja." Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake kwa lugha yake tangu ule utoto wa kuchekwa. Hakucheka. "Najua," akasema. "Umeusuuza mchi. Lini umewahi kuosha chombo bila kuambiwa?" Tukatembea kidogo. Nikamuuliza, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, kwa nini mambo yale yote, bibi, bamvua, kombe la mkononi, alimwambia Solange na si mimi. Nilitaka ajitetee. Nilitaka aombe radhi. Akafikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha akasema, "Mwenzio aliuliza, mwanangu." Hakukuwa na lawama ndani yake. Ndiyo maana neno lile limenikaa.

Jumatatu nilimfuata Solange nikamwambia nitamsaidia Kiingereza akinisaidia Kiswahili. Hakuna aliyenipa ushauri huo, wala sikufanya kwa wema. Kumwomba Baba niliona haya, kumwomba Mama niliogopa kicheko, na nilijua hakuna njia ya kumpiku mtu bila kwanza kuchukua alichonacho. Alikubali, akacheka makosa yangu bila kuficha, nami nikacheka ya kwake. Miaka mitatu tulikaa kwenye ngazi zile. Sikumpenda kwa haraka. Nilimpenda, mwishowe, lakini wivu haukuondoka ili kupisha upendo. Vilikaa chumba kimoja, kama sisi wapangaji, kila kimoja na jiko lake. Mwaka wa 2019 Solange na mama yake walipata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali yenye theluji. Baba aliwabebea masanduku mpaka kwenye gari. Mimi nililia, na hata nikilia niliangalia kama Baba analia zaidi.

Sasa ninasoma chuo hapahapa Johannesburg, na Kiswahili nimekifuata vitabuni, nimekikazania, hata wanaosoma ninayoandika huniuliza nilizaliwa Tanga au Dar. Uani kwetu wapangaji wengine wameweka maua pale lilipokuwa bati. Ukumbi wa shule umepakwa rangi. Siku hizi nikiwafikiria wale watu wa jangwani siwaoni tena kama familia zenye bahati ambazo hazikuhitaji kutafutana. Walikuwa na lugha moja kibandani, sawa, lakini nani ajuaye ni watoto wangapi walikaa miongoni mwa makombe wakisubiri kuambiwa jambo, na ni baba wangapi walisubiri kuulizwa. Takataka hazisemi. Nilidhani kwamba nikishaipata lugha nitakuwa nimemaliza. Nimeipata, na ninaweza kumuuliza Baba lolote.

Baba alirudi Tanga, mgongo ulipomchosha. Tunazungumza kwa simu, mara nyingine saa nzima, tena kwa raha. Mwezi uliopita simu yangu iliharibika, nikampigia kwa laini mpya, namba asiyoijua. Akapokea. Nikamwambia shikamoo, habari za huko, umeamkaje na mgongo wako. Sikuwa nimetaja jina. Sauti yangu ya Kiswahili niliijenga ngazini, kwa kumwiga aliyenifundisha, na kumbe haijatoka. Baba alipiga kelele ya furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyeketi na kusubiri miaka. "Solange! Mwanangu! Umepotea wapi wewe?"

Nikasema, "Ni mimi, Baba. Zuhura." Akacheka, akasema ahaa, akaniuliza habari za chuo, na kama ninakula vizuri, kwa upole uleule wa siku zote. Ile furaha ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoka.